Mitume Kumi na Wawili wa Kisimani

Jumatatu, 18 Novemba 1996
Mvua bado. Mahindi tumepanda kwenye vumbi, kwa imani tu. Leo semina ya mazingira pale Majengo — soda na biskuti! Mtaalamu kasema dunia inazidi joto: moshi wa viwanda vya wakubwa huko nje, na sisi huku tunamaliza misitu. Dawa? Pandeni miti. Nikasimama. Mimi, Mwalimu Egidi, nimezungushia kisima chetu cha Matogoro milingoti, yaani mikaratusi, kumi na miwili, kila mmoja na jina la mtume! Yuda nimemwacha, nafasi yake kapewa Mathiasi. Makofi! Nyumbani mke wangu Suzana kasema makofi hayajazi ndoo.

Jumatano, 20 Novemba
Foleni kisimani tangu alfajiri. Wanachota kwa kikombe! Jirani yetu Lidwina kanisimamisha: maji yamepungua tangu miti yako ikue, Mwalimu. Upuuzi. Nikamwendea Swalehe, bwana misitu, aniunge mkono. Kacheka mpaka kofia ikaanguka. Milingoti kisimani? Hiyo tunapanda kwenye matope tukitaka yakauke! Kauliza zamani palikuwa na mti gani. Mkuyu. Uko wapi? Niliukata kupisha mitume, nikauchomea matofali ya nyumba hii. Swalehe anasema kata yote, rudisha mikuyu. Nimeona aibu, aibu kweli.

Alhamisi, 21 Novemba
Jua. Suzana sijamwambia.

Jumapili, 24 Novemba
Baada ya misa Lidwina kamweleza Suzana kila kitu — huyo Swalehe ana mdomo! Nilidhani mke wangu atagomba. Kaniletea shoka.

Basi niko kisimani, na daftari langu, na kina mama na ndoo zao. Nimeanza na Mathiasi, maana aliingia wa mwisho. Kaanguka vizuri. Kafuata Tomaso. Suzana kachomeka tawi la mkuyu, kalimwagilia kikombe kizima — maji ya kunywa hayo!

Sasa Petro. Huyu nilimpanda wiki aliyozaliwa binti yetu Noela. Kila Krismasi nawasimamisha pamoja, nicheke jinsi Petro anavyomwacha mwenzake kwa urefu. Nimeomba kupumzika kidogo, niandike.

Ngurumo upande wa Mbinga! Nikasema jamani, mvua hiyo, tungoje basi. Hakuna aliyecheka. Lidwina kasema hata ikinyesha, wa kwanza kuinywa ni Petro.

Suzana anasema Baba Noela, funga hilo daftari. Shoka kalishika yeye.