Flow ya Zuhura

Jumanne usiku

Flow mimi naijua ya magari Westlands, ya maji ya bomba, hata ya Zuhura wangu akighani shairi, ukumbi mzima kimya. Leo kaanguka shuleni, nikamkimbiza hospitalini Parklands. Daktari akamuuliza, "Na flow yako ya mwezi ikoje?"

Nikadakia, "Huyu bado mtoto, daktari!"

Zuhura akainama. "Ni nyingi. Tangu kabla ya Ramadhani."

Ya Rabi! Na mimi niliyejigamba msikitini, binti yangu kafunga mwezi mzima, hata siku moja hajakosa! Kumbe alifunga hata akiwa mwezini, na dini yenyewe inamkataza kufunga siku hizo.

Nje nikamuuliza, "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa unanisifu sana, Mama. Ningekula, wenzako ungewaambia nini?"

Damu imempungua, kapewa vidonge. Amelala hapa kitandani kwangu, mkono wake baridi...

Ijumaa wenzangu msikitini wataniuliza habari za bingwa wangu wa saumu. Nitawaambia kakua, ana siku za kulipa, na akipata nguvu nitafunga naye.