Koili ya Friji ya Senge

Mpendwa Baba,

Foleni ya malori hapa Malaba ni ile ile, na kibanda chetu bado kinanuka moshi wa kulehemu. Unamkumbuka yule dereva aliyetaka kifaa cha kushusha umeme wa lori, volti ishirini na nne ziwe kumi na mbili, apate kusikiliza redio? "Boss, nipatie tu hiyo iko kwa meza," alikuomba. Ukakataa. Kilikuwa cha kwanza cha muundo mpya, na kwako kifaa cha kwanza hakiuzwi. Hukaa nyumbani kwetu kikiwasha taa zetu mpaka masika yapite. Mama alinung'unika taa zilipozima ugali ukiwa motoni. Wewe ulicheka, ukagusa koili, ule msokoto wa waya, kwa kidole, ukaniambia, "Betri ikichoka ndio utajua tabia yake."

Safari hii sikungoja, Baba.

Senge, dada yako wa Budalang'i, sasa anaishi kwa sindano za insulini, na dawa hiyo yataka ubaridi. Alipata friji ndogo ya lori, ya volti ishirini na nne, ila betri yake ya sola ni ya kumi na mbili. Nikachora kifaa cha kupandisha, nikaunda viwili vinavyofanana. Akanipigia: "Mwanangu, leta tu hiyo kitu. Dawa inaharibika nikiangalia." Ningemwambia nini? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikampelekea kimoja.

Kisha Mto Nzoia ukafurika. Simu yake haipatikani. Jua halijatoka tangu hapo, na unajua betri ikishuka kifaa huvuta mkondo zaidi ili kifikishe zile volti, na mzigo wote huangukia koili. Naogopa. Nina hasira pia, maana hukuniachia jibu la kumpa mtu asiyeweza kungoja masika yapite.

Tangu asubuhi kile cha pili kinawasha balbu za lori hapa mezani, kwa betri niliyoichosha makusudi. Adhuhuri koili ilikuwa vuguvugu. Sasa kidole hakikai, na waya umeanza kunuka.

Nimefunga kibanda. Nimenunua barafu kwa wauza samaki, nikaizungushia kitambaa isije ikagandisha dawa. Barabara ikiwa imekatika nitaomba mtumbwi.

Pumzika wewe kwa amani, Baba. Mimi naenda kwa dada yako.

Bintiyo