Kitufe cha Mzima

Berea, Johannesburg
Ijumaa, baada ya sala

Kwa dada yangu Mwanaasha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, meza imejaa vyombo, kwa hiyo mwandiko ukipinda nisamehe. Goti lako likoje na mvua hizi? Na mwanao Rehema, kile kifua kimeachia? Mimi nimo, namshukuru Mola, nasimama na natembea. Ila usitosheke na jibu hilo. Mbele utaona kwa nini.

Utashangaa kupata karatasi na simu ipo. Lakini sauti yangu ikiingia kwenye simu yako husikilizwa na ua mzima, wapangaji na wauza maandazi, na hili ni lako kwanza. Nitampa barua mama mmoja mfanyabiashara wa mikoba, mtu wa Tanga hapo hapo, anarudi kwa basi. Ni mtu wa dini, hatafungua.

Uliniuliza juzi: "Salehe, shemeji yako kila nikimpigia ni mzima, mzima tu, na sauti si yake. Niambie kweli." Nikakujibu mtandao unakatika. Dada, mtandao ulikuwa mzuri. Mbaruku aliniapisha nisikwambie. Nikaenda kwa imamu wetu, nikamweleza. Akasema kiapo cha kumficha mke hali ya mumewe hakina kheri, kivunje, kisha utoe kafara. Basi leo nakivunja.

Mumeo amekatwa mguu. Wa kulia, chini ya goti. Yu hai, anakula, anasali ameketi. Weka barua chini kwanza, kunywa maji, halafu urudi.

Sasa nikueleze, maana ukisikia mguu bila kisa utadhani tulimtupa. Na sijui, pengine ndivyo.

Kazi yangu unaijua. Wewe huwaambia watu kwamba mdogo wako ni injinia wa kompyuta, nami huona haya, kwa sababu unajua shule yangu iliishia wapi. Nilianza kwa kufungua simu za watu pale Joubert Park, kibanda kimoja na fundi cherehani Mkongo, na kuandika programu nilijifunza kwa kukosea. Sasa niko kwenye kampuni ndogo, nyumba ya kawaida tu kule mtaa wa Observatory, tunatengeneza programu za maduka. Siku hizi hata kazi hiyo imeingia mdudu. Kuna mashine inayoandika programu yenyewe, unaiambia unachotaka, inakumwagia kurasa. Tulikuwa chumba kizima, tumebaki wachache wa kukagua alichoandika huyo bwana mkubwa. Sina ugomvi naye. Ni mwepesi kuliko mimi na haombi ruhusa ya Ijumaa. Ila ana tabia moja. Ukimuuliza kama kazi imekamilika, hukujibu kwa adabu nzuri kabisa, imekamilika, iko safi, kumbe ndani pamevunjika. Huwa nacheka peke yangu, nasema huyu naye kalelewa pwani.

Turudi kwa mumeo. Kijana mmoja wa Dar alifia chumbani mwake hapa Berea, asijulikane mpaka mwenye nyumba alipofuata kodi. Chama chetu cha kuzikana kikaingiwa na aibu, sote ni Waislamu, sote tunapishana ngazini. Wakaniambia, Salehe, wewe si unajua mambo hayo, tutengenezee kitu. Nikatengeneza. Kila siku baada ya alfajiri, simu ya kila mwanachama inauliza: "Umeamkaje?" Chini yake vitufe viwili. Kimoja "Mzima, alhamdulillahi." Kingine "Siko vizuri." Asiyebonyeza mpaka adhuhuri, jirani yake anapata ujumbe akamgongee mlango.

Tukakitazama kwa Bi Tunu, yule bibi wa Unguja niliyekuhadithia, mpishi wetu na hakimu wetu. Akavaa miwani, akashika simu kama anashika samaki wa jana.

"Hiki cha pili cha nini?"

"Cha mgonjwa, Bi Tunu."

"Mwanangu, wewe umelelewa wapi? Mtu anakwamkia, hata salamu haijamtoka mdomoni, umjibu siko vizuri? Si kumkufuru Mungu huko?"

Mbaruku akadakia, unamjua alivyo kwenye baraza: "Na ukikibonyeza kwa bahati mbaya, Bi Tunu huyo na uji na Yasini yake! Mimi mkiona nimekibonyeza, jueni nimeshakufa."

"Aliyekufa habonyezi, mjinga wewe," Bi Tunu akamwambia, na nyumba nzima ikacheka. Na mimi nilicheka.

Tukakijaribu mwezi mzima. Hakuna aliyegusa kitufe cha pili, dada. Yupo aliyelazwa na nimonia, akabonyeza mzima akiwa wodini, na mpira wa dawa mkononi. Mkutano ukaamua: cha nini kuweka kitu kisichotumika? Nikakiondoa. Kikabaki kimoja, kikubwa, cha kijani, hata asiye na miwani anakipata. Walinisifu, wakaniombea dua.

Halafu nikakumbuka nyumbani, lakini nimechelewa kukumbuka. Unamkumbuka Bi Somoe alivyokuja kwa mama? Hujambo, sijambo. Habari za nyumbani, njema. Watoto, wazima. Mzee, hajambo. Akakaa, akanywa kahawa, akapangusa mdomo, ndipo akasema, "Ila mzee wangu amefariki usiku." Salamu yetu ndivyo ilivyo, kweli yake iko mkiani, baada ya "ila". Bila mtu kukaa na kungoja, hiyo "ila" haiji. Mimi nilitengeneza kitu kinachopokea "mzima" na kufunga mlango.

Mguu ulianza na kidonda kidogo katikati ya vidole. Unajua sukari yake, na unajua anauza mikanda na kofia pale kando ya bustani, kutwa amesimama kwenye baridi ya huku, baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Alikwenda kliniki. Mlangoni akakuta vijana wamesimama, wanadai vitambulisho, asiye mwenyeji hapiti. Mmoja akamwambia, "Nenda ukatibiwe kwenu, baba." Akarudi, akanunua mafuta ya kupaka kwenye spaza, kiduka cha mtaani, akafunga kitambaa. Asubuhi simu ikamuuliza umeamkaje. Akabonyeza.

Na mimi kila siku kazini nilikuwa naliona jina lake kwenye kioo, kijani. Zamani, kabla ya programu hiyo, nilikuwa nikitoka kazini nateremka mpaka chumbani kwake, tunakula mkate na chai, ananitania kuhusu upara wangu. Tangu nimeanza kuliona jina lake kijani nikawa napanda moja kwa moja kwangu. Mara nimechoka, mara mvua. Kulikuwa na haja gani? Mzima.

Aliyeniita ni Mama Furaha, msusi wa Bukavu. Yeye na watoto wake wanapanga upande mmoja wa chumba, Mbaruku upande mwingine, katikati pazia. Akanipigia nikiwa kazini.

"Papa Salehe, kuya uone shemeji yako."

"Asubuhi kabonyeza, mama. Yuko mzima."

"Mzima ya wapi? Miye niko naishi naye, inatugawa rido tu! Harufu iko inatuua na batoto. Kuya!"

Nikaenda. Lifti ya jengo lile haijafanya kazi tangu nilijue, nikapanda ngazi kwa roho mkononi. Nikamkuta amelala, simu kifuani, mguu ameutia ndani ya mfuko wa plastiki, ameufunga kwa mkanda wa biashara yake.

"Ah, Salehe, karibu. Za kazini?"

"Nzuri," nikasema. Hebu niangalie dada, nasimama mbele ya mguu ule nasema nzuri.

"Na mguu?"

"Umechubuka kidogo."

Tulimteremsha ngazi kwa blanketi, mimi na kaka wa Mama Furaha na jamaa wawili wa ghorofa ya chini. Hospitali walimpokea, Mungu awalipe wale manesi, hawakuuliza karatasi mpaka walipomaliza kumwosha. Daktari akasema angekuja mapema kidogo, kingekatwa kidole tu. Sikutaka kulisikia neno hilo lakini nimelisikia, na sasa nawe umelisikia.

Alipopata nafuu nilimuuliza, Mbaruku, kwa nini ulikuwa unabonyeza? Akanitazama kama mtoto asiyejua kosa lake.

"Si mliniuliza nimeamkaje? Nimeamka mzima, alhamdulillahi. Hamkuniuliza mguu."

Hakusema uongo. Kumshukuru Mungu ni wajibu, hata mgonjwa anashukuru. Ila kumshukuru Mungu na kumjulisha jirani ni mambo mawili, sisi tuliyatia kwenye kitufe kimoja.

Kazini yuko binti mmoja wa hapa hapa, Thandeka, hodari kunipita mbali, na anapenda mambo ya anga kuliko chakula. Mchana wenzetu wakitoka kula yeye anatazama roketi. Akaniona nimeinama, akaniuliza, nikamsimulia kwa Kiingereza changu. Akaisimamisha roketi yake kwenye kioo. Halafu akasema, "Eish, baba. Unajua kile chombo kilichoko kwenye sayari ya Mirihi? Hakisemi niko sawa. Hakuna anayekiuliza hivyo. Kinaulizwa betri imebaki kiasi gani, baridi ni kali vipi, gurudumu lipi limetoboka. Kinataja ubovu wake wote, kila siku, kwa watu ambao hawawezi hata kwenda kukigusa."

Nilikuwa nikidhani safari hizo ni kiburi cha wenye nacho. Sasa sijui. Mbingu Mungu aliziumba zitazamwe, acha waende. Lakini iliniuma kwamba kipande cha chuma kule juu kinajulikana kidonda chake, na mume wa dada yangu, mtaa wa chini, hakujulikana.

Programu nimeigeuza. Sasa inauliza: umekula nini jana, panakuuma wapi, nani amekuona kwa macho. Hakuna tena kitufe cha mzima. Bi Tunu kanung'unika, kasema ni maswali ya polisi. Asubuhi yake akajibu: magoti, jicho la kushoto, na "hajaniona mtu tangu Jumanne". Tangu Jumanne, dada! Nikaenda kumwona. Akanifungulia, akasema mchele hakuna, akanipikia ugali. Lakini sijifurahishi kwa hilo. Mguu haurudi kwa programu kurekebishwa.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Mbaruku ametoka hospitali, yuko kwangu, hapa kwenye kitanda hiki, amelala. Hataki kurudi nyumbani. Anasema atarudi chumbani kwake, atakaa ashone mikanda, na wewe atakwambia biashara imeshamiri hawezi kuiacha. Mwaka utapita, na mwingine. "Niliondoka kwa miguu yangu," ananiambia, "nitaingiaje Tanga nimeshikwa makwapa? Mwanaasha aliolewa na mtu anayetembea." Namwambia huko ni kumdhulumu mkeo, anageukia ukutani. Na huku hataweza. Ngazi zile, lifti ile, vijana wale wa kliniki, na kidonda kinataka kusafishwa na mtu mwenye huruma. Akibaki huku ataisha, nakwambia kama nilivyoona. Mimi maneno yameniishia. Nauli iko tayari, chama kimetoa, hilo lisikuumize kichwa. Kilichobaki ni neno lako.

Ukishaisoma hii mpigie, asubuhi mapema kabla sijatoka, niwe nimekaa karibu naye. Usimuulize hali. Ukimuuliza hali atakwambia mzima, na mtaagana. Mwambie unajua. Mwache alie kama atalia, usimkatize. Kisha mwambie siku unayomtarajia, kwa ile sauti uliyokuwa unanitoa nayo baharini nikiwa mdogo. Hiyo hakuna mwanamume aliyewahi kuipinga. Na kama wewe mwenyewe moyo utakuwa mzito, dada, kwa kuwa umengoja miaka mtu na sasa unaletewa mgonjwa wa kuuguza, nitaelewa, sitakulaumu. Ila uniambie mimi kwanza, usimwambie yeye.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dua zake za baada ya isha nazihisi. Nisalimie Maalim wetu wa chuo, ingawa bakora yake mgongoni bado naijua ilipopita. Mkunga wetu Bi Mize, aliyempokea Rehema, mpe shikamoo yangu. Rehema mwambie mjomba anampenda, na habari ya baba yake umpe wewe, siyo watu wa uani. Mungu akupe subira, akupe na nguvu za mikono.

Na umwite fundi mapema. Ule mlango wa uani wa kuendea chooni una ngazi, azibomoe, aweke mteremko wa simenti, na upande wa ukuta aweke bomba la kushikia. Aanze sasa, kabla hata hujampigia. Simenti iwe imekauka na imechakaa kidogo kwa miguu ya watoto, ili akifika adhani nyumba ilikuwa hivyo siku zote.

Mdogo wako akupendaye,
Salehe