Jina Letu katika Gazeti la Serikali

S.L.P. 61,
Karatina.
17 Julai, 1980

Mpendwa wajina,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko Lodwar, na joto hilo? Gathoni na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila baridi ya mwezi huu wa saba imenikaa magotini. Mama pia hajambo. Bado anauliza kama umenenepa.

Tangu Wangechi wangu afariki, najipikia mwenyewe, na mpaka leo natia sufuriani maji ya chai ya watu wawili. Inayobaki naimwaga.

Duka la mabati limekwisha, wajina. Kahawa ilipokuwa na bei, wakulima walikuja kuchukua mabati na saruji kwa mkopo, nami nikakopa benki ili niwape. Bei ikaanguka. Husemwa kukopa harusi, kulipa matanga. Basi harusi ilikuwa yao, matanga yamekuwa yangu.

Nilitarajia umaskini, sikutarajia upweke. Ninaowadai wananikimbia, wanaonidai nawakimbia mimi, hata njia ya sokoni nimeachiwa peke yangu. Kihara, rafiki yangu wa tangu shuleni, paa lake lote ni mabati yangu. Siku hizi kanisani huketi upande wa akina mama ili tusionane!

Wiki jana nilikwenda kwa wakili Nyeri. Anasema njia ni mbili. Ya kwanza, Mama auze shamba lake tulipe benki, na amekwisha kukubali bila hata kulia, jambo lililoniumiza sana. Ya pili, niombe mahakama initangaze muflisi: duka na lori vichukuliwe, shamba la Mama lisiguswe. Karani wake akanisogezea karatasi. "Mzee, andika jina yako hapa, ile iko kwa kitambulisho."

Nikashindwa. Jina hilo litachapishwa katika Gazeti la Serikali, nalo linafika ofisini kwenu. Babu alituachia jina moja sisi wawili, wazaliwa wa kwanza wa wanawe. Wenzako watasoma "Theuri, muflisi" na kukutazama wewe. Niliona si haki nilitie doa kabla ya kukuuliza, nikarudi nyumbani na karatasi yangu.

Lakini nimewaza, na ukweli ni kwamba sikuulizi tena, nakuarifu. Mama hawezi kuhamishwa mahali alipomzika Baba. Kesho nitatia sahihi. Ukikasirika nitakuelewa.

Sikuombi pesa. Nitaitwa mahakamani Nyeri mwezi wa tisa, na naogopa kusimama peke yangu. Ukipata likizo, njoo. Karani akiita "Theuri", tusimame wawili.

Nisalimie Gathoni, Watiri na Mutahi mdogo. Mama anawabariki nyote, na Mungu awape mvua huko.

Nami nakupenda kama siku zote,
wajina wako,
Theuri.