Kiti cha Abiria

Jumatatu, 9 Oktoba

Gari limekwisha. Mbele kote kumebonyea kama kopo lililokanyagwa.

Profesa aliliazima jana mchana kwenda kumwona shangazi yake mgonjwa. (Ndivyo darasa zima linavyomwita mpenzi wangu, kwa sababu ya miwani, si kwa sababu ya maksi.) Kagonga ukuta wa daraja. Mbwa alikatiza, anasema. Yeye mwenyewe ana mkwaruzo kidevuni, basi.

Nilimshika uso nikalia. Nikamwambia gari ni bati, bora yeye. Na nilimaanisha.

Leo mayai ya kuuza nimeyabeba kwa mikono. Kwa gari, trei arobaini kabla ya kipindi cha kwanza. Kwa mikono, sita — na vidole vimekufa ganzi. Mwenye duka la kona kaniuliza kama kuku wangu wamehamia mbali.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimetoa karatasi za bima. Sikuwa na haja ya kuzisoma. Siku nakata bima, mama wa bima — wakala mwenye ofisi juu ya duka la dawa — alinieleza taratibu kama anayelisha mtoto uji. Dereva wa chini ya miaka ishirini na mitano, ada yake iko juu, maana sisi vijana tunagonga sana. Anayelindwa ni yule aliyeandikwa. Nikauliza kuhusu kumwongeza Profesa, leseni yake changa. Akabonyeza kikokotoo: ada inapanda karibu nusu. Nikasema lakini huyu ni mtu wangu, ni kama mimi tu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, bima inamjua dereva. Mapenzi haiyajui."

Sikumwongeza. Profesa mwenyewe alisema hana shida, yeye ni wa kupakiwa tu. Halafu Jumapili kaja na habari ya shangazi, mimi huyo nikatoa ufunguo.

Sasa anataka niseme nilikuwa naendesha mimi. Polisi hawakufika, gari lilivutwa, nani atajua? Kaongea kwa upole, kanishika mkono. Mimi! Ambaye tangu nipate leseni sijakwaruza hata kioo cha pembeni! Ambaye nikifika kwenye lile daraja napunguza mwendo hata kama hakuna mtu. Niandikwe mzembe, na punguzo langu la kutodai bima liote mbawa.

Lakini bila gari hakuna mayai, na bila mayai hakuna ada ya muhula. Sina baba wa kumpigia simu. Kuku wa kwanza niliwanunua kwa kusuka wenzangu nywele bwenini, na walikuwa kuku watatu, mmoja kilema.

Nimemwambia nitafikiri. Najua nitakubali.

Alhamisi, 12 Oktoba

Gereji. Fundi bodi kazunguka gari mara moja tu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kauliza nilikuwa na nani. Nikasema peke yangu — nikasikia uongo ulivyotoka mwepesi.

Kavuta mkanda wa kiti cha abiria. Haurudi. Umening'inia, na utepe wake una alama kama umesuguliwa kwa nguvu. Kasema huu ulizuia uzito siku ya ajali. Nikacheka, nikamweleza: trei zisizoenea nyuma huwa nazipanga kwenye kiti hicho na kuzifunga mkanda, zisimwagike kwenye matuta. Hiyo ni kweli kabisa. Chuo kizima wananicheka kwa hilo.

Kanitazama, kautazama mkanda. "Basi dada, hilo yai lako lina kilo hamsini."

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilifika getini ndipo nikahesabu siku.

Ajali ilikuwa Jumapili, na Jumapili huwa sipeleki mayai.

Ijumaa, 13 Oktoba

Profesa amesema yote. Hata sikumbana sana.

Shangazi ni mzima wa afya. Kwenye kiti alikuwepo msichana wa mwaka wa kwanza. Mkono umevunjika sehemu mbili, yuko wodini. Sikuuliza walikuwa wanakwenda wapi. Niliuliza tangu lini. Tangu likizo. Likizo! Likizo ambayo mimi nilikuwa namtumia vocha ili apate kunipigia.

Nilidhani hapo ataniomba msamaha. Aliuomba, ndiyo — upesi upesi, kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia. Halafu akafika kwenye shida yake. Kaka yake msichana anataka gharama za hospitali. Bima yangu kubwa inalipa abiria pia. Kwa hiyo niseme nilikuwa naendesha mimi, na yule nilikuwa nimempakia.

"Sema tu ni rafiki yako," kaniambia.

Nikautazama ule mkwaruzo wa kidevuni. Akadhani sijaelewa, akanifafanulia. Nikisema ukweli hawalipi kitu: gari langu limekwenda, mtoto wa watu analala na maumivu, yeye anadaiwa. Nikisema ilikuwa mimi, kila mtu anapona. Nani anafaidika na ukweli?

Hesabu yake ni sahihi. Nimeirudia nikiwa peke yangu, nikaigeuza juu chini, ni sahihi. Kajumlisha watu wote. Mimi kaniweka upande wa gari.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimempigia mama wa bima. Nikajifanya namuulizia rafiki. Akaguna — ana masikio yule mama. Kasema huyo rafiki akidanganya wakagundua, bima yote inafutwa, anaweza kushitakiwa, na kampuni nyingine zitamfungia mlango. Kisha akapunguza sauti: "Na mwambie ajiulize, mwanangu, uongo huo anambebea nani."

Jumapili, 15 Oktoba

Nimefua kila kitu. Hata pazia.

Mwenzangu wa chumbani anasema achana na mtu, shika gari. Rahisi kwake, hana gari wala mtu.

Sijala. Bado nikisikia mlio wa ujumbe moyo unaruka kumtafuta. Upumbavu gani huu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Niko kwenye benchi la korido, ofisi za bima. Mlango wa mkaguzi uko wazi. Kijana mwenye tai, mpole, kaniuliza kama niliumia. Wa kwanza kuniuliza hivyo.

Kaanza na tarehe, mahali, hali ya barabara. Nikajibu. Nani alikuwa anaendesha? Nikasema mimi. Imetoka. Kaandika.

Halafu: nilikuwa na abiria? Nikasema ndiyo.

"Ni nani wako?"

Nikamwambia ni rafiki. Akauliza jina lake kamili. Silijui! Tangu Ijumaa sijaliuliza, sikutaka limkae Profesa mdomoni mbele yangu. Nikasema liko kwenye simu, na simu haishiki humo ndani, nikatoka.

Nimemwandikia Profesa: jina lake nani.

Jibu limekuja sijafika hata kwenye benchi. Majina yote matatu. Chini yake tarehe ya kuzaliwa, siku, mwezi na mwaka, wasije wakaihitaji. Hakusema ngoja nimuulize.

Ya kwangu, mimi humkumbusha kila mwaka.

Mkaguzi kachungulia. "Dada, umelipata?"

Nimemwambia nimelipata, naja. Karudi kwenye kiti, kalamu mkononi. Ananisubiri. Bado nimekaa, sijui kama naingia kumpa jina au kumwambia afute lile jibu la kwanza.