Upande Wako wa Ngoma

Buswelu, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti linakuruhusu kufika shambani. Msalimie mjomba Rwehumbiza, mwambie ndizi zake zilitufikia zimeiva njiani, tukazila hivyo hivyo. Mimi na wanangu hatujambo. Mvua zimeanza, na maji ya bomba huku kwetu yanatoka yanapotaka yenyewe.

Najua kilichokushtua si barua, ni mzigo. Usimlaumu jirani yangu Bernadetta. Nilimwomba akukabidhi mkononi na asiseme umetoka kwa nani, maana ungeurudisha kwa meli ile ile bila kuifungua barua hii. Ndiyo, ni ngoma yako. Kwenye simu, kila nikimtaja baba unasema mtandao mbaya, kisha unakata. Ndiyo maana nimeandika.

Baba anaumwa, mama. Ni ini. Hospitali walimpasua tumbo, wakalishona tena, wakaniita pembeni wakaniambia nimpeleke nyumbani nikamtunze. Yuko kwangu tangu kabla ya Pasaka. Alikuja na begi moja na ngoma hiyo, ngozi imechanika vile vile alivyoichana. Sijasahau. Nilikuwa darasa la nne, nimesimama mlangoni, nikamwona akichukua kisu cha jikoni kwa sababu watu wa kigango walikusifu mbele yake siku ya mavuno, kwamba bila mkono wako kwenye ngoma kwaya haina uhai.  Wewe ulichukua sanduku, ngoma ukaiacha, na mimi ukaniacha. Miaka yote hiyo hakuruhusu mtu aiguse. Siku moja niliweka viazi ndani yake, akanifokea kana kwamba nimeviweka altareni.

Basi, alipopata nafuu kidogo akaniomba nimpeleke Buhongwa kwa mzee Machibya, fundi wa ngoma. Nilimwambia mtu asiyemaliza hata kikombe cha uji anataka ngoma ya nini. Akaanza kujivalisha viatu mwenyewe mpaka nikaona aibu, tukaenda. Machibya aliwamba ngozi mpya ya mbuzi, akatuonya kwamba ngozi mpya ni kaidi. Ukiipiga kwa nguvu mapema inaharibika, ukiiacha tu inabaki kavu na sauti yake inachoma masikio. Inatakiwa kuzoeshwa kwa viganja, taratibu, kila siku, huku unaizungusha ngoma ili ngozi ilainike sawasawa pande zote.

Mwanzoni ilikuwa ikilia kama debe. Baba aliiweka kitandani, ubavuni pake, akawa anaigonga asubuhi akishameza dawa, na jioni tena. Mikono yake haina nguvu, na kumbe ngozi mpya haitaki nguvu. Wiki zilivyokwenda sauti ikaanza kushuka, ikawa nene. Wanangu walikuwa wanaacha kula wamsikilize. Yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu, jambo ambalo mimi sikulizoea kwake. Sikufichi, nilifurahi na nikachukia kwa pamoja. Nilijiuliza huyu baba alikuwa wapi siku zote.

Ndipo nikagundua kwamba haizungushi. Upande ulio kwake ulikuwa umelainika na kuingia rangi ya viganja vyake, upande wa ukutani bado ni mweupe na mgumu. Nikadhani hana nguvu za kuigeuza, nikamgeuzia. Akairudisha kwa mikono miwili, jasho likimtoka. Nikaigeuza tena, na ubishi huu unajua nimeutoa kwa nani. Akaishika mikono yangu, akasema upande ule si wake. Alisema aliichana yote peke yake, lakini kuilainisha yote peke yake hana haki. Alikutaja kwa jina lako, mama: nusu hiyo ni ya Wilhelmina, akipenda. Asipopenda ibaki ngumu hivyo hivyo, naye atakuwa amejibiwa.

Halafu akaniapisha nisikuambie anaumwa, usije ukadhani anakuomba huruma. Nikaapa. Kiapo hicho nimeshakivunja tangu juu ya barua hii, na Mungu atanielewa.

Tangu Jumatano hawezi kuinua mikono. Padre alikuja kumpaka mafuta. Ngoma ilikuwa imekaa tu ubavuni pake, anaiangalia, mimi nikashindwa kuvumilia. Ndipo nikamwita Bernadetta, aliyekuwa anasafiri kuja huko.

Sikuombi umsamehe, mama. Sijui kama mimi mwenyewe nimemsamehe, na mimi ndiye ninayemwosha. Wala sikuombi upande meli, kwa sababu siwezi kukuahidi utamkuta. Ninaomba kitu kimoja. Asubuhi iweke juani kidogo, isikauke sana. Anzia ukingoni, uingie katikati polepole, kwa kiganja. Pale palipo laini ni pake, utapajua kwa kupagusa. Kabla hujaanza nipigie, uiache simu karibu na ngoma. Si lazima useme neno. Nitaiweka simu yangu juu ya mto wake. Masikio bado anayo.

Na kama hutaki, usinipigie kuniambia hutaki. Kila siku ananiuliza kwa macho kama umepiga, na mimi nitamwambia huko kwako Kashozi mtandao ni mbaya.

Wajukuu wako wanakusalimu sana. Mdogo anauliza ngoma ya babu imekwenda wapi, nimemwambia imerudi kwa mwenyewe. Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani walionibeba mgongoni. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi binti yako,
Jovina Ishengoma