Kanga Wako na Siafu wa Januari

Mnyambe,
Newala.
21 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Fakihi,

Marahaba. Najua hujatamka shikamoo bado, lakini nimeitikia mapema, maana kwenye simu salio huisha tukiwa bado tunaulizana hali. U mzima? Kifua chako na baridi ya huko Mbeya vinapatana? Sisi huku tu wazima, ila mvua imekaza na magoti yangu yamenuna.

Harusi ya mwanangu Ashraf ilipita salama. Nilikutazamia mpaka jioni, kila pikipiki ikikata kona nasema ndiye huyo. Watu walicheza, na mimi nilicheza, lakini moyo haukuwa pale. Nimekukumbuka, Fakihi, na sitaki kuzungushazungusha maneno.

Sasa habari za kanga wako. Dume alichukuliwa na kicheche, akabaki jike na mayai yake ya mwisho. Kanga mwenyewe unamjua, hatulii kiotani, kwa hiyo mayai nikamwekea kuku ayaatamie. Banda nikalizungushia majivu mengi, maana mvua zikianza siafu hawana simile, na maji ya kuwamwagia huku kwetu unajua yanavyopatikana. Uzao wote wa ndege ulioniachia ulikuwa chini ya kuku yule mmoja.

Mke wa Ashraf, Anifa, binti wa kutoka Lupaso, ana adabu mpaka inachosha. Hatujaamka, yeye keshafagia uwanja mzima. Siku moja akayafagia na majivu yale ya bandani. Mimi sikutazama, tukashika majembe tukaenda kupalilia. Tuliporudi siafu wameshajaa bandani, na kuku hakuinuka. Alikuwa amefumba macho, mabawa ameyatandaza juu ya mayai, nao wanamla hivyo hivyo.

Mimi nilishika kichwa tu. Anifa hakungoja. Alitia mikono yote miwili, akamtoa kuku, akakusanya mayai kwenye kitenge chake huku siafu wanampanda mpaka shingoni. Tulipokuwa tunambandua siafu, mikono imeshavimba, alilia, na si kwa maumivu.

"Mama, nilidhani uchafu tu. Mjomba atanionaje?"

Hajawahi kukuona, ila jina lako halikauki mdomoni mwangu. Ningemkemea kwa lipi?

Kuku tulimpeleka na mayai yake chumbani kwako, ndiko pekee kwenye sakafu ya saruji. Chumba hicho nilikuwa nakifunga. Kila Ijumaa nakifagia, nakung'uta shuka, natandika upya, najidanganya kwamba utalala humo usiku huo. Kuku amepona, ingawa jicho moja halifumbuki. Mayai mengine yaliharibika, lakini juzi mengi yameanguliwa, na vifaranga wenye mistari wanakimbizana chini ya kitanda chako.

Ashraf na mkewe wanakusalimu sana. Baba mdogo Ashiru anauliza kama mvi zimeshakuota, maana kwa hesabu zake umeshazeeka huko. Mungu akufunike, akupe riziki ya kukurudisha na si ya kukuzuia.

Ashraf amelitengeneza banda upya, anasema niwatoe ndege chumbani, wanachafua. Nimekataa. Tangu uondoke, mle ndani hamkuwa na sauti ya kiumbe. Njoo uwatoe mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye bila kuchoka,
Bimdogo